Binzari ya Nyumbani kwa Motaleb

Jorina ana mashine ya kusaga binzari sokoni kwetu, karibu na mji wa Pabna, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Sisi huku tunanunua binzari kwa macho. Isipong'aa, tunasema imeoza. Wachuuzi wametushika hapo hapo: mizizi iliyofubaa wanaizungusha ndani ya pipa pamoja na unga wa rangi ya njano, nasi tunagombania.

Pakhi, mkwe wa Jorina, alikuwa mjamzito alipopimwa damu zahanati. Ikakutwa na madini ya risasi.

"Yamo kwenye ile rangi ya binzari," nesi akasema. "Yanamfikia mtoto tumboni, yanamharibu ubongo."

Jorina hakulia. Alirudi akaosha mashine, na tangu hapo kila mzizi ulioletwa aliusugua kwenye pindo la sari yake nyeupe ya ujane. Ukiacha doa, umepakwa rangi, unarudi na mwenyewe.

Motaleb, mchuuzi mkubwa, akamcheka. "Dada, nani atanunua unga wa rangi ya udongo? Utakufa njaa."

"Nitakula huo udongo."

Wateja wakamkimbia. Iliniuma sana, maana walimkimbia wakijua habari ya Pakhi.

Kisha binti wa Motaleb akaposwa. Bibi harusi wa kwetu lazima apakwe binzari mwili mzima. Mke wa Motaleb akaingia kwa Jorina kupitia mlango wa nyuma, mtandio umemfunika uso.

"Dada, nisagie kidogo. Hiyo yako."

"Kwani yenu imekwisha?"

"Yetu ni ya kuuza. Nyumbani hatuili."

Pakhi alikuwa akichekecha unga pembeni. Mikono ikasimama.

Jorina akamtazama mkwewe. "Nitasaga. Binti yako hana kosa. Ila mumeo aifuate mwenyewe, kesho, soko likijaa."

"Ataona aibu, dada."

"Najua."

Harusi haingojei, kwa hiyo Motaleb alikuja. Jorina akampa kifurushi mbele ya watu, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza samaki.

"Ya bibi harusi hiyo, Motaleb. Haina rangi, kama mnavyoila kwenu."

Motaleb akainamisha kichwa, akataka kupita. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa ametoka kununua binzari kwa Motaleb. Akamzuia njia, akatoa mzizi kikapuni, akausugua kwenye kiganja chake, akamwinulia mkono ule wa njano usoni.