Gari la Baba Lilipokataa Kuwaka

Mpaka leo mtu akiniambia "hiyo ni betri tu," damu hunichemka. Betri ilikuwa nzima. Nilijua ni nzima tangu nilipofungua mlango, kwa sababu taa ya ndani iliwaka kali, honi ikalia hadi kuku wakatawanyika, na redio ikaanzia pale pale Baba alipoiachia, kwenye stesheni yake ya Kiluhya, wakati wa matangazo ya vifo. Lakini nilipozungusha ufunguo, kimya. Gari halikukohoa, halikukwaruza, halikutoa hata ule mlio wa tik-tik unaosikika betri ikiwa imelala. Nilizungusha tena, na tena, nikabaki kuutazama ufunguo mkononi mwangu.

Mama alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, fimbo yake kati ya magoti. Tulikuwa tunakwenda Khwisero kumzika mdogo wake. Walizaliwa wawili tu wa kike kwao, wakalala kitanda kimoja mpaka Mama alipoolewa, na sasa aliyebaki ni yeye. Jambo alilolitaka ni moja: auone uso wa mdogo wake kabla jeneza halijafungwa. Kule walikuwa wameahidi kumsubiri. Lakini kila mtu wa Kakamega anajua mvua yetu hunyesha ikishapita saa ya chakula cha mchana, na anajua hakuna mhubiri anayekubali kaburi lijae maji.

Kama unashangaa kwa nini hatukutafuta gari lingine, basi hujawahi kukaa kwetu siku ya Jumamosi. Jumamosi ni siku ya maziko. Magari ya kukodi yote yameshachukuliwa tangu Ijumaa, yanabeba watu, viti, mahema na masufuria. Fundi wetu naye alikuwa matangani. Pikipiki zilikuwepo, lakini nyonga ya Mama ilivunjika akitoka shambani na haikuunga sawasawa, hawezi kupanda kitu chochote cha kutanua miguu. Lilikuwa ni gari la Baba au hakuna safari.

Na hilo gari la Baba lilikuwa na maneno yake. Baba alikuwa amezikwa wiki chache tu kabla ya hapo. Kwetu, baada ya maziko, wazee huweka siku ya kunyoa nywele. Wafiwa hunyolewa, na vitu vya marehemu hutajwa mbele ya watu na kupewa wenyewe. Kabla ya siku hiyo, kitu cha marehemu hakiguswi ovyo. Ndugu yangu mkubwa, anayeishi Nairobi na ambaye kwa miaka mingi mila hakuikumbuka ila Krismasi, ghafla aliigeukia mila kama mtu aliyeokoka jana. "Gari lisitoke uani mpaka tunyoe," alitangaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliendesha Baba alipougua, mimi ndiye niliyempeleka na kumrudisha kutoka hospitali, lakini mimi ni binti aliyeolewa akarudi kwao, na binti wa namna hiyo akishika usukani, watu huanza kumtazama mikono. Kabla hajarudi Nairobi, ndugu yangu alilichukua gari asubuhi, akalirudisha jioni. Alisema alikuwa amelipeleka kuoshwa. Kweli liling'aa.

Usiku ule wa Ijumaa Mama alimpigia mwenyewe simu kumwambia tutakwenda nalo Khwisero. Nilikuwa pale, nilisikia jibu lake. "Chukueni tu, Mama. Hilo ni gari lenu."

Basi asubuhi hiyo nikafungua boneti, na kwetu boneti ikiwa wazi ni kama kengele ya mkutano. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu mwenye pikapu ya kubebea miwa. Alikuwa ameshapakia hema na mabenchi ya kupeleka matanga ya Lumakanda, lakini alisimama, Mungu ambariki, japo alinichosha.

"Hii ni betri, dada. Iko dauni. Tusukume."

"Ni otomatiki. Haisukumwi."

"Yangu mimi nikisukumanga inawaka."

"Yako ni ya gia za mkono, baba. Hii hata ukiisukuma mpaka Mumias haiwaki."

Hakuniamini. Aliwaita wapita njia wawili, wakaweka mabega, wakalisukuma gari la watu na Mama akiwa ndani, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye migomba, na huko likakaa. Ndipo tukaunganisha nyaya kutoka kwenye betri ya pikapu yake. Nikazungusha ufunguo. Kimya kile kile. Jirani akakuna kichwa, akamwomba Mama msamaha, akaenda zake na mabenchi ya watu. Sikumlaumu. Nilibaki na hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka.

Nikampigia ndugu yangu. Hapa nataka nieleze polepole, maana ndipo kila nikikumbuka natamani kuvunja kitu. Alipokea mara moja. Akasema, "Weka kwa spika nimsikie Mama." Akampa pole. Kisha akaanza kunielekeza, kwa sauti ya utulivu, kama daktari.

"Kaza vichwa vya betri."

Nikakaza. Kimya.

"Toa gia kwa P, weka kwa N, ujaribu."

Nikajaribu. Kimya.

"Basi ni stata. Chukua spana ya magurudumu, lala chini uigonge."

Nikalala chini. Nilikuwa nimevaa gauni langu jeusi la maziko, nikalala kwenye matope ya migomba, nikaigonga stata mpaka kutu ikaniingia machoni. Kimya. Akasema nikague fyuzi, moja moja. Akasema nisubiri kidogo, atauliza fundi anayemjua, kisha atanipigia. Tukasubiri. Akapiga, akasema fundi anadhani ni stata, nigonge tena. Nami nikagonga tena! Katikati ya hayo yote alipata nafasi ya kusema kwamba gari hupenda mkono mmoja, na kwamba wanawake mnaendeshanga mkisahau kuangalia oili. Niliendelea kuchomoa fyuzi, kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza na nilimhitaji huyo mtu atusaidie.

Mama hakulalamika hata mara moja. Alitazama tu juu ya paa la jikoni, upande ambao mawingu huanzia. "Mama," akaniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "wamenipigia, huko wameshamaliza nyimbo."

Nilikuwa narudisha fyuzi moja mahali pake iliponiponyoka ikaanguka chini ya kiti cha dereva. Nikainama kuipapasa. Vidole vyangu vikagusa uvimbe chini ya kapeti, karibu na reli ya kiti. Nikafunua. Palikuwa na swichi ndogo nyeusi, na waya mwekundu unaoingia chini ya dashibodi, umezungushiwa tepu mpya ya duka, haina vumbi hata chembe.

Nani asiyemjua Baba? Baba hakuwahi kununua tepu maisha yake yote. Kitu chochote kilichokatika alikifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli: mpini wa jembe, redio, miwani, hata waya za taa za gari hilohilo. Mikanda yake ya mpira iko kila mahali ndani ya boneti, imekauka na kupasuka. Ile tepu haikuwa yake. Nilijua ni ya nani kabla sijaibonyeza ile swichi.

Nikabonyeza. Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, likatulia, tamu kabisa. Nilianza kulia kwa hasira, nikasema maneno ambayo sitayaandika. Mama aliitazama ile swichi, akatazama mikono yangu yenye kutu.

"Twende," alisema.

Mvua ilitukutia Bukura. Niliendesha vibaya, nakiri, nikipita madimbwi bila kuyahurumia. Tulipoingia katika boma lile la Khwisero watu walikuwa wamejibana chini ya hema na vijana walikuwa wanapiga udongo wa juu kwa migongo ya majembe. Walikuwa wamemsubiri Mama kadiri walivyoweza. Shemeji yake alimjia na mwavuli, akieleza, akiomba radhi, na Mama akamwambia hakuna kosa. Alitembea na fimbo yake hadi kwenye kichuguu kile cha udongo mwekundu, akasimama kwenye mvua, akaita jina la utotoni la mdogo wake, mara moja tu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia ndugu yangu wakati ule.

Nilimpigia jioni hiyo hiyo. Alijitia hamnazo. "Swichi? Swichi gani? Labda mzee aliweka, alikuwa anaogopa wezi." Nilimwambia juu ya tepu. Akacheka. Akasema nina majonzi, nipumzike. Kabla hata sijafika kwa mashangazi, alikuwa ameshawapigia wote, na kila niliyemweleza alinitazama kwa huruma ile mbaya, ya kumhurumia binti anayetaka gari la babake. Mama hakusema kitu. Hilo nalo liliniuma, kwamba labda hata yeye ameona heri kumwamini mwanawe.

Siku ya kunyoa ilifika. Boma lilijaa. Asubuhi, kabla ya watu kuwa wengi, Mama aliniomba nimshike mkono hadi kwenye gari, akasema anataka kuketi kidogo mahali mume wake alipozoea kuketi. Nikamfungulia upande wa dereva. Akaniambia nikamletee chai.

Tulinyolewa. Kisha baba mdogo, ndiye aliyekuwa akiongoza, akataja vitu kimoja kimoja. Alipofika kwenye gari aliuliza hadharani, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemfikia, kama kuna anayejua habari za ile swichi. Ndugu yangu alisimama. Akasema hajawahi kuiona, na hata leo akiambiwa aionyeshe hajui iko upande gani. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Gari likapewa kifungua mimba, kama nilivyojua itakavyokuwa.

Kwetu, mtu akipewa kitu siku hiyo hukishika mbele ya watu. Ng'ombe humshika kamba, jembe huliinua. Baba mdogo akamwambia, "Basi liwashe, ulisogeze kidogo, watu waone umepokea."

Ndugu yangu aliingia, milango wazi, watu wamelizunguka. Akazungusha ufunguo. Kimya. Nilikijua kimya kile. Wala hakufikiri: macho yake yakiwa bado yanatutazama, akitabasamu, mkono wake ulishuka moja kwa moja chini ya kiti, ukafunua kapeti, ukabonyeza. Gari likawaka.

Tabasamu lilimkauka usoni. Baba mdogo alitazama chini. Mashangazi, ambao walikuwa wamenihurumia sana, walianza kutafuta pa kuangalia.

Mama, kichwa chake kikiwa kimenyolewa upya, alijikongoja hadi mlangoni mwa gari na kuegemea fimbo yake.

"Limewaka haraka, mwanangu," alisema. "Siku ile ulitukalisha kwa simu, na mdogo wangu ananingoja."