Pedeli za Kunasa Viatu

Pedeli zile zililetwa Mpanda na mchuuzi aliyeshuka na treni ya Tabora, zikiwa ndani ya gunia moja na viatu vya mitumba. Hazikuwa na mahali pa kukanyaga. Pedeli ya kawaida ina uso mpana wenye mpira: unaweka mguu, unaondoa mguu, hata mtoto anaelewa. Hizi zilikuwa vipande vya chuma vidogo kama vitasa, vyenye springi kwa nyuma. Ulilazimika kuvaa viatu vyake, navyo vilikuwa na chuma kingine chini ya soli. Ukikanyaga, chuma kinauma chuma, ka!, na mguu umefungwa. Kutoka, unazungusha kisigino kwa nje. Ndivyo mchuuzi alivyoeleza, akiwa amekaa kwenye mkeka wake pale sokoni Makanyagio, na baiskeli hana.

"Wazungu wa mashindano wanatumia hizi hizi," alitangaza. "Mguu hautelezi, nguvu haipotei. Bei ya kutupa, jamani, bei ya kutupa!"

Hapo hakudanganya. Ni wazi kuna mtu mahali fulani alikuwa amezitupa.

Namshukuru Mungu kwamba hakunijalia tamaa ya vitu vinavyong'aa. Baiskeli yangu nyeusi ya Kichina ilinifikisha kwenye kila kigango nilichotumwa, kwenye vumbi na kwenye tope, na sikuwahi kuhitaji maelekezo ya kushuka. Lakini wenzangu walinunua. Mkulima mmoja wa tumbaku, wa njia ya Inyonga, alianguka na mzigo wake akalala pembeni ya barabara, mguu mmoja ungali umenaswa, mpaka wapita njia wakamnasua. Mwingine, aliyekuwa akifuata dagaa Ikola, alikuta udongo mwekundu umejaa chini ya soli. Chuma kikakataa kushika kabisa, akasafiri njia nzima miguu ikiteleza kama anakanyaga samaki. Wa tatu aliingia na viatu hivyo kanisani. Alitembea kuelekea komunyo, ko, ko, ko, kama mbuzi kwenye sakafu ya saruji, kisha akateleza na kudaka mabega ya mama aliyekuwa mbele yake. Mimi nilikuwa mzee wa kigango, nimesimama pale pale. Nilijizuia kucheka hadi nilipofika nyumbani.

Ungedhani mji mzima ungejifunza. Mwalimu wetu wa kwaya hakujifunza.

Alikuwa kijana mwema, mwenye sauti nzuri, na alikuwa anaposa huko Katumba. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake. Baba wa binti alikuja kutoka Burundi zamani, akafyeka msitu kwa mikono yake, na aliongoza sala katika jumuiya yao. Alikuwa ameipokea posa, lakini jibu la mwisho alikuwa hajalitoa. Alitaka kwanza kumwona kijana mwenyewe. "Nitamtazama," aliniambia. "Nikimtazama nitajua."

Asubuhi ya safari nilimkuta mwalimu uani kwake, ameinama na bisibisi kwenye baiskeli yake ya resi. Pedeli zile zilikuwa na skrubu ndogo ya kukaza springi, naye alikuwa anaikaza. Kabla ya kwaya alikuwa amebeba marobota ya tumbaku kwa baiskeli miaka mingi, na wabeba tumbaku wote wana ugonjwa huo: mpira wa kufungia mzigo wanauvuta mpaka unalia.

"Mwanangu, legeza hiyo," nilimwambia.

"Mzee, mimi nimebeba tumbaku. Nikilegeza, viatu nitaviokota njiani."

"Na ukitaka kushuka?"

"Jana nilishuka vizuri tu."

"Jana ilikuwa imekazwa hivyo?"

"Jana ilikuwa inacheza. Ndiyo maana naikaza."

Akafunga na kamba za viatu, fundo juu ya fundo. Niliona ni heri niokoe pumzi yangu kwa ajili ya rozari.

Tulikwenda vizuri, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipokaribia kwa wakwe, kwenye mteremko, tulimwona mzee mwenyewe akiingia barabarani kwa miguu, jembe begani, ametoka shambani, nami nikamwonyesha mwalimu. Kwetu, ukikutana na mkwe njiani unashuka kabla hujamfikia. Unashika usukani, unasalimia miguu yako yote miwili ikiwa chini. Hata mwenye mgonjwa kwenye keria hushuka. Anayepita bila kushuka amekwisha kusema jambo, na hakuna asiyelielewa.

Nilimwona mwalimu akizungusha kisigino. Akazungusha tena. Goti likaenda huku na huku kama la kuku aliyefungwa kamba, baiskeli ikayumba, na kwa kuogopa kumwangukia mkwe wake akaachia breki.

"Shikamoo baba!" alipiga kelele, akampita, akapotelea kwenye kona.

Mimi nilishuka. Mzee alikuwa bado anatazama vumbi.

"Huyo ndiye?" aliuliza.

"Ndiye, mzee. Lakini..."

"Amenipita kama kisiki."

"Si kiburi, mzee. Ni pedeli."

"Pedeli ndiyo iliyonipita?" Alibadilisha jembe bega. "Nimezeeka sana, mshenga, lakini mtu na pedeli naweza kutofautisha. Twende. Mtakunywa maji, halafu mtarudi kwenu."

Nilitembea kando yake nikisukuma baiskeli na kusali kimyakimya. Binti yule alikuwa amemsubiri kijana wetu kwa subira, na sasa posa yake ilikuwa inaharibiwa na vyuma vya kwenye gunia.

Tulipoingia uani, mahali nilipokuwa nimemwelekeza mwalimu, tulimkuta bado yuko juu ya baiskeli. Ameukumbatia mpapai kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na miguu yote miwili imo kwenye pedeli. Mama mkwe, ambaye kwa desturi hapaswi hata kuonana naye uso kwa uso, alikuwa amekimbilia ndani na kufunga mlango.

"Bado hujashuka?" mzee aliuliza taratibu. "Hata nyumbani kwangu?"

"Baba, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Baba, nikiuachia mpapai nitaanguka. Hivi viatu vimeshikwa."

Mzee aliweka jembe chini, akazunguka baiskeli. Akashika kisigino cha mwalimu, akavuta. Akavuta kwa nguvu zaidi. Mpapai ukatikisika.

"Nani alikufunga humu?"

"Nilijifunga mwenyewe, baba."

Kutoka ndani, nyuma ya mlango, sauti ya mama mkwe ilisikika ikimwita Mungu kwa Kirundi: "Mana yanje! Si mumvue hivyo viatu?"

Tulitazamana, wanaume watatu. Kisha mzee akapiga goti mavumbini akaanza kufungua yale mafundo, moja baada ya jingine, akiguna. Mimi nilishika baiskeli. Mwalimu alichomoa mguu mmoja, halafu wa pili, akasimama chini kwa soksi, dole gumba likichungulia kwenye tundu. Viatu vilibaki vimening'inia kwenye pedeli kama panya wawili kwenye mtego.

Aliinama hadi karibu aguse ardhi. "Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama, kama alivyokuwa ameahidi, kuanzia kichwani hadi kwenye lile dole. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, na mlangoni tukasikia mtu akicheka ndani ya kanga.

"Marahaba," alisema. "Binti nitakupa. Lakini hizo takataka hazitatoka hapa kwangu zikiwa kwenye baiskeli. Mwanangu hatapakiwa na mtu asiyeweza kushuka."

Zilifunguliwa kwa spana jioni ile ile, na haikuwa kazi nyepesi, maana zilikuwa zimekazwa kitumbaku. Mzee alileta pedeli kuukuu za mpira alizokuwa amezihifadhi darini. Mwalimu alirudi Mpanda kwa ndara za kuazima, na njiani alimshukia kila mwenye mvi, hata wale waliokuwa wamelala vibarazani.

Vile viatu, na pedeli zikiwa bado zimevishika, mzee alivitundika kwenye shamba lake la karanga kufukuza nyani. Msimu ule nyani walikula karanga hadi wakachoka.