Karatasi ya Mgongo

Mwalimu wangu wa kuchora aliutazama mchoro wangu wa mwisho wa mwaka, akakuna kidevu, akasema, "Huu umelala." Nikarudia mwaka. Safari hii nilijua kabisa kwamba nikipeleka mwingine uliolala, chuo nimeaga. Kazi tuliyopewa ilikuwa mchoro wa matabaka, yaani karatasi juu ya karatasi, kila moja imechorwa na kukatwa ili ya chini ichungulie. Ilitakiwa Jumatatu.

Niliamua kumchora mama akiwa ameinamia cherehani. Yeye ni fundi wa nguo, na chumba chetu kimoja, juu ya bonde la Mathare, ukuta wake umejaa karatasi za vipimo. Huzikata kwenye mifuko ya simiti: kifua, mkono, mgongo, kila mteja na msumari wake. Nimekua nikilala chini ya migongo ya watu.

Chini kabisa niliweka boksi. Juu yake gazeti la kufungia nyama, nililoomba machinjioni Kiamaiko kabla halijaguswa na damu. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Kila karatasi niliilowesha kwanza, kwa sababu karatasi ikilowa hutanuka, na ukiibandika hivyo, ikikauka inajikaza kama ngozi ya ngoma. Hilo nilijifunza kwa machozi, maana mchoro niliofelia ulijaa mikunjo na malengelenge. Makaa niliyasaga kwa chupa, nikachora kwa kidole.

Tabaka la tatu likanishinda. Mgongo wa mama ulikataa. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, wiki nzima, hadi gazeti likatoboka na mimi nikaanza kujitukana kwa sauti. Ijumaa mchana, mama akiwa ameenda kununua uzi, niliona kwenye msumari wa chini, nyuma ya kitanda, kipande kimoja tu. Mgongo mdogo, wenye mabega ya mteremko uleule wa mama. Nikadhani ni wa mteja aliyehama. Nikauchukua, nikaulowesha, nikabandika.

Mchoro ukaamka. Nilicheka peke yangu chumbani. Kufikia saa kumi na mbili nilikuwa nimeufunika kwa matabaka mengine mawili, nimeyakata kwa wembe pale tu nilipotaka mabega yaonekane.

Jumamosi asubuhi mama alimsimamisha mdogo wangu katikati ya chumba, akainama nyuma ya kitanda. Akainuka mikono mitupu.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyotuita sisi binti zake, "karatasi ya dada yenu iko wapi?"

Dada yetu mkubwa alifariki kabla ya kuvaa sare ya sekondari. Mama alikuwa amempima na kukata karatasi ya mgongo, kitambaa hakufika kukikata. Nilijua karatasi hiyo ipo, ila nilidhani imo sandukuni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Sikujua kwamba mama huitoa mara kwa mara, anampima nayo mdogo wangu, aone amebakisha kiasi gani kumfikia.

"Sijaiona," nikasema.

Akainua godoro. Akalaani panya. Akaenda kumuuliza jirani, akarudi, akatoa kila kitu kabatini. Mwisho akaniomba niusogeze mchoro wangu ili aangalie nyuma yake. Nikausogeza. Nilitamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu alinifuata hadi bombani. "Hiyo mgongo kwa drawing yako, si ni ile ya siz?"

"Nyamaza."

"Na mathe ataisaka mpaka lini?"

Jumapili wakaenda kanisani, mimi nikasema naumwa. Sikudanganya sana. Niliwaza kumwambia mama baada ya Jumatatu, lakini michoro ikishaingia chuoni haitoki hadi mwisho wa muhula, na tangu jana mama hakuwa ametia chochote kinywani. Nilikaa mbele ya mchoro nikilia kwa hasira, kwa sababu ulikuwa mzuri. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Kisha nikajaza maji karai ya kufulia, nikautumbukiza.

Uji wa ngano hauna ubishi. Matabaka yaliachana moja moja, makaa yakayafanya maji kuwa meusi, sura ya mama ikaenda nayo. Karatasi ya dada niliitoa kwa viganja viwili. Kwenye ukingo wake penseli ya mama ilikuwa bado inasomeka.

Waliporudi nilikuwa nimeilaza kwenye taulo. Mama alitazama karai, akatazama boksi lililovimba, akatazama taulo.

"Mama, nisamehe," nikaanza.

Alimgeuza mdogo wangu, akaichukua karatasi na maji yake, akaiweka mgongoni pake. Mabega ya mtoto yalitokeza huku na huku, upana wa vidole viwili.

Mama akaisawazisha kwa kiganja, akaivuta kona moja, kisha nyingine. Akaisawazisha tena.

"Imepungua," akasema. "Umeitia maji, ikapungua."

Karatasi ilikuwa bado inadondosha maji. Haijawahi kuwa kubwa kama ilivyokuwa saa ile.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Imepungua."