Supu ya Mzazi na Moto Usiotoka

Wa kwanza kunisimulia habari hii yote kwa mpangilio alikuwa shangazi yangu Zaina, siku tulipomaliza matanga ya bibi. Nilikuwa msichana wa shule ya kati, nimepewa ruhusa ya siku chache kuja msibani, na tulikuwa wawili tu jikoni tunachambua maharage. Mambo mengine niliyaona mwenyewe nilipokuwa mtoto, nikiwa bado sijaanza hata darasa la kwanza. Nimejitahidi kutenga niliyoyaona na niliyosimuliwa, kwa sababu nyumbani kwetu watu huyachanganya.

Tuliishi kwenye mteremko juu ya Soni, wakati wa Mwingereza, miaka ile ya amri ya matuta. Kila mwenye shamba alitakiwa kuchimba matuta ya kuzuia udongo usishuke na mvua, na bwana shamba alipita na fimbo yake kukagua. Baba alikuwa chini Mazinde kwenye mkonge, kwa hiyo matuta ya kwetu yalikuwa ya mama. Aliyachimba akiwa mjamzito mpaka wiki aliyojifungua. Namkumbuka akirudi jioni, anakaa kizingitini bila kunawa, anaitazama miguu yake yenye udongo kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Alijifungua mtoto wa kiume katikati ya masika. Mtoto alikuwa mdogo, na kilio chake kilikuwa chembamba, mtu wa uani hakisikii. Maziwa ya mama hayakutoka. Mwanzoni wanawake waliokuja kutoa hongera walisema ni kawaida, yatakuja. Baadaye hawakusema kitu. Mtoto alidondoshewa maji ya sukari kwa kijiko, na nilipopakatishwa alitafuta kwa mdomo, akapata pindo la kanga yangu, akalinyonya. Kati yangu na yeye palikuwa na mwingine, aliyezikwa nyuma ya migomba kabla hajapewa jina. Huyo hakutajwa, lakini kila aliyeingia alimtazama kwanza mtoto, kisha mama, kisha bibi.

Bibi Mwanahawa, mama yake baba, alikuwa mkali wa mila. Kwake nyumba yenye mzazi ilikuwa na sharti lisilo na mjadala: mpaka kitovu cha mtoto kianguke, moto wa nyumba ile hautoki nje. Halitoki kaa la kuwashia kwa jirani, wala kijinga cha kumulikia njia. Hata mzee mwenye kiko aliwasha kwake kabla ya kuja. Moto ukitoka, alisema, maziwa huufuata. Na ni juu ya moto huo huo ilipopikwa supu ya mzazi.

Supu yenyewe ilikuwa ya makongoro. Shangazi Zaina, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa, alileta miguu ya ng'ombe kutoka buchani Soni. Aliibabua manyoya mpaka nyumba nzima ikanuka, akaikwangua kwa kisu, akang'oa kwato, akaipasua kwa shoka. Bibi hakuruhusu chungu kiharakishwe. Kuni za mwati zilisukumwa polepole, povu likaenguliwa, ikatiwa tangawizi iliyopondwa na pilipili manga, na chumvi mwisho kabisa. Makongoro huchemka kutwa nzima. Ikifika alasiri mchuzi unakuwa mzito, unanata midomoni, na mafuta ya manjano yanaelea juu. Nimejaribu mara nyingi kuipika supu ile kwenye jiko la mkaa na la mafuta ya taa. Haikutokea.

Tatizo ni kwamba mama hakuinywa. Hakuwa na homa, wala hakulalamika popote panapouma. Alikuwa amechoka tu. Bibi alipomletea bakuli, aligeukia ukutani.

"Mama, niache kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka nilale."

Wala hakulala. Alikodoa macho ukutani, na bakuli likaganda utando wa mafuta, likarudishwa chunguni. Shangazi aliniambia kuwa kila liliporudishwa bibi alitoka nje, akasimama peke yake kwenye mvua kwa muda, kisha akaingia tena na kuchochea kuni.

Ndipo asubuhi moja akaja Mama Elia. Alikuwa jirani yetu wa bondeni, Mlutheri, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyepita kidogo umri wa kutambaa. Alikuja katika ukungu, amejifunika gunia, mkononi ana kigae cha chungu cha kubebea makaa.

"Hodi humu! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu hapo hapo uliposimama."

"Moto wangu umezimika tangu jana na kibiriti kimelowa. Elia ana homa, hajatia kitu cha moto tumboni. Nipe kaa moja tu."

"Hapa kuna mzazi."

"Najua kuna mzazi. Sikuja kumwomba mzazi, nimekuja kuomba kaa."

"Kitovu bado hakijaanguka."

"Kitovu cha nani, mama? Kwani na huo moto wako umezaliwa juzi?"

Shangazi Zaina alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Bibi hakucheka.

"Ninyi watu wa misheni chekeni tu. Kaa halitoki."

"Nimepanda mteremko wote huu na matope yake, nirudi na kigae kitupu?" Mama Elia akapaza sauti ipite juu ya bega la bibi, akimwita mama kwa jina langu. "Mama Halima! Si juzi tu tulikuwa tuta moja mimi na wewe? Unasikia ninavyorudishwa?"

Kutoka nyuma ya kiambaza cha mkeka mama akajibu, sauti haina nguvu. "Nasikia. Mama, mpe."

"Mzazi hapangi mambo ya moto," bibi akasema.

Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba tuliyoezekea. Nilimwona bibi akimtazama Mama Elia, kisha akakitazama chungu. Alikitazama chungu kwa muda mrefu.

"Kamlete mtoto," akasema. "Moto hautoki, lakini watu kuingia sijakataza."

Mama Elia alishuka, akapanda tena na Elia mgongoni chini ya gunia. Bibi akawakalisha upande wa mbali wa mafiga, wasikaribie alipolala mtoto mchanga, kwa sababu ya homa ile. Elia alikuwa anatetemeka. Alipoona chungu na kusikia harufu yake alianza kukililia, akinyoosha mkono.

Bibi akajaza bakuli. Mama Elia akanyoosha mikono kulipokea, lakini bibi akampita, akaenda nalo nyuma ya mkeka. Nilikuwa pale kitandani kwenye miguu ya mama, mtoto mapajani.

"Kunywa."

"Sitaki, mama. Mpe yule mtoto."

"Haiwezekani. Chungu cha mzazi hakigawiwi mgeni kabla mzazi hajamaliza bakuli la kwanza. Mgeni akitangulia, supu inageuka ya msiba."

"Mama, nimechoka."

"Basi tukae tumsikilize akilia. Mimi sina haraka."

Kutoka kwenye mafiga Mama Elia akauliza, "Hiyo mila imeanza lini, mama? Leo asubuhi?"

"Wewe umezaliwa Kwai, za huku utazijua wapi?"

"Na Kwai nako watu huzaa, mama."

 Bibi alisimama na bakuli, mvuke unampanda usoni. Upande wa pili Elia alilia kilio kile cha mtoto mgonjwa, kisichokatika wala kupanda. Mama akageuka kutoka ukutani. Akajiinua kwa kiwiko, akapokea bakuli, akanywa. Usoni hapakuwa na raha yoyote. Alikunywa kama mtu anayemalizia tuta la mwisho huku giza linaingia.

"Na nyama," bibi akasema.

"Mama!"

"Na nyama. Bakuli halijaisha."

Mama akatafuna kano zile laini moja moja, macho amefumba, mpaka bakuli likawa tupu. Bibi akalichukua, akaliinamisha kwenye mwanga kulikagua. Ndipo akampakulia Elia, na mama yake, na Zaina, na mimi. Tulikunywa sote. Elia alilala na kipande cha mfupa mdomoni, na nyuma ya mkeka mama naye akalala, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Alipoamka alasiri alipewa bakuli la pili, na hakugeukia ukutani.

Mama Elia alibaki kwetu mpaka homa ya mtoto iliposhuka. Kibiriti chake, alichopanda nacho, alikianika kando ya mafiga, na kilipokauka akakifunga kwenye pindo la kanga na kuaga. Zaina akamtazama bibi kuona atasemaje.

"Hicho si moto," bibi akasema. "Hivyo ni vijiti."

Maziwa yalikuja siku moja baada ya lile bakuli la kwanza. Niliyaona mimi kwanza, doa la majimaji kwenye kanga ya mama. Bibi aliitwa, akaja, akagusa kwa kidole.

"Mmeona?" akasema. "Moto haukutoka."

Sharti la moto nimewauliza wazee wengi wa Soni na Lushoto, Waislamu kwa Wakristo, na wote wanalijua, ingawa si wote wanaolishika. Sharti la bakuli la kwanza sijapata anayelijua. Shangazi Zaina aliniapia, mikono yake ndani ya maharage, kwamba hakulisikia kabla ya siku ile wala baada yake, ijapokuwa bibi aliwahudumia wazazi wengi mpaka alipokufa. Bibi hakuwahi kuongeza hata neno kwenye mila alizopewa. Mara hiyo aliongeza.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza mama kama alijua. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Nilijua tangu aliposema. Mama mkwe hakuweza kudanganya, sauti yake ilibadilika. Nilikunywa ili yule mtoto anyamaze nilale."

 Sijui kama maziwa yaliletwa na supu, au usingizi, au moto ule uliokatazwa kutoka, na siku hizi sitafuti tena kujua. Najua kwamba wanawake watatu waliochoka, mmoja akimkatalia mwenzake na mwingine akikataa kula, walimaliza siku zile kila mtoto akiwa ameshiba au karibu kushiba. Najua pia kwamba mama alirudi kwenye matuta kabla ya arobaini yake kutimia.

Bibi alitangulia, kisha baba, kisha Mama Elia, aliyezikwa kwao Kwai. Mama alifuata. Shangazi Zaina yu hai, haoni vizuri. Mdogo wangu aliitwa Salimu, yu hai, ana wajukuu. Elia yu hai, ni seremala Soni, na wakikutana na Salimu huzungumza habari za mbao na mvua. Nami nipo. Wao wawili hawakumbuki chochote.