Swali la Meno ya Juu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu nilikuwa na mazoea ya kupapasa meno yangu ya juu kwa ulimi, moja baada ya jingine, nikitafuta lile lililomuua mdogo wangu. Lile lenyewe, kama lilikuwapo, lilikuwa limeng'oka zamani na kutupwa juu ya paa. Hilo sikulifikiria. Hofu ya mtoto haina hesabu nzuri ya miaka.

Mdogo wangu Samweli alifariki akiwa na miezi minane, kwetu Chome, baada ya siku nne za homa. Msibani nilitumwa maji nyuma ya jiko, ambako shangazi, dada yake baba, alikuwa akimenya ndizi na wanawake wenzake. Nilimsikia akisema, bila kupunguza sauti, kwamba nyumba inayofuga kigego itazika mpaka ichoke.

Kwetu Upareni kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Wazee waliamini kwamba mtoto huyo huwamaliza ndugu zake, na zamani hakuachwa akue. Yaliyofanyika hayakusimuliwa, ila kulikuwa na mwamba ambao watu wazima waliupita bila kuutaja. Wanawake wale waliponiona na ndoo wakanyamaza wote kwa pamoja. Kunyamaza kwao ndiko kulikoniambia kwamba ni mimi.

Nilikuwa na swali, na chini yake swali jingine. La kwanza, je, nilimuua Samweli? La pili nililiogopa zaidi: kama Mungu tunayemwimbia kila Jumapili ana nguvu zote, kwa nini anashindwa na meno yangu?

Mama sikuweza kumuuliza. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka na kulowesha kanga. Baba alikuwa amesharudi kazini Tanga. Nikamchagua Mwalimu Eliamini, aliyetufundisha kipaimara, kwa sababu kila Jumamosi alituambia kwamba kuuliza si ujinga. Nadhani ndiye mtu mzima pekee niliyewahi kumsikia akisema hivyo.

Nilibaki nyuma darasa lilipoisha, nikijifanya nafuta ubao. Nikamwambia yote. Alikaa nami benchi moja, goti lake likigusa langu, akasikiliza hadi mwisho.

"Umefanya vizuri kuja kwangu," alisema. "Hili litabaki kati yangu na wewe."

Niliteremka kwenda nyumbani nikikimbia, mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya kwaya na zamu ya kusomba mawe ya ujenzi, Mwalimu Eliamini alisimama. Alisema kuna kijana wetu amefungwa na kifungo cha kigego, aje mbele tumwombee. Kisha akanitaja jina.

Wazee wanne waliniwekea mikono kichwani. Mmoja alinibana mdomo kwa kidole gumba, kama mtu anayeziba chupa. Mwalimu aliomba kwa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, sitayakana. Lakini hakuomba kwa kusema kwamba meno hayawezi kuua. Aliomba yaache kuua. Tofauti hiyo niliielewa palepale nikiwa nimepiga magoti, na tangu siku hiyo sijapata sala niliyoisikiliza bila kuipima kwanza.

Nje, rafiki yangu Mbonea aliruka nyuma nilipomkaribia. "Wewe usinichekee," alisema, akiziba uso kwa kitabu cha nyimbo. "Mama ninaye mmoja tu." Watoto wote walicheka. Nilicheka pia, huku nimefumba midomo.

Mama hakunigombeza. Alikaa akichambua maharage, akaniambia bila kuinua macho kwamba nilipokuwa mchanga, kwa miezi mitatu alinifunika mdomo kwa kanga kila alipotoka nami, akisema nina utando wa ulimi. Shangazi alikuwa akikisia tu. Bibi, aliyejua, alikufa na siri yake.

"Uliniuliza mimi?" alisema.

"Hapana, mama."

"Haya. Sasa anajua mpaka baba yako."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimemwuza mama yangu kwa mtu aliyenikalisha benchi moja. Miaka mingi nimejaribu kujitetea kwamba sikujua kama ilikuwa siri. Utetezi ni wa kweli, ila haunisaidii.

Jumatatu mama alinishika mkono tukaenda zahanati. Nesi alikuwa Bi Zaina, Mwislamu aliyetoka Same mjini, aliyevaa sweta mbili kwa ajili ya ukungu wetu na watu wakamcheka kwa hilo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Mama akasema, "Mwambie mtoto kilichomuua mdogo wake."

Bi Zaina hakuuliza kwa nini. Alifungua rejista, akalaza karatasi ngumu juu ya ukurasa na nyingine chini, ukabaki wazi mstari mmoja tu. "Soma wako," alisema. "Ya wenzako siyo yako."

Palikuwa na jina la Samweli na neno kichomi. Akaeleza kwamba ni ugonjwa wa mapafu, kwamba watoto wengine huanza meno ya juu na amewaona wengi wamekua, na kwamba Samweli aliletwa siku ya nne. Mama akatazama sakafu. Siku tatu za kwanza Mwalimu Eliamini alikuwa akija nyumbani kuomba, na ndiye aliyesema tungoje. Sisemi kwamba alijua alichokifanya pale madhabahuni. Nasema kwamba kigego kilimfaa, maana hakuna aliyemuuliza juu ya siku zile tatu.

Nilimuuliza Bi Zaina, je, na Mungu?

"Mie najua vifua, mwanangu," alisema. "La Mungu sitakudanganya."

Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha watu wazima namna ya kupima ushahidi. Lakini mke wangu, Nakiete, alipofariki mwaka jana kwa saratani, nilifanya kosa lilelile. Nilimwambia mwenzangu wa jumuiya, mtu niliyekaa naye kanisani miaka kumi na tisa, kwamba tukifika kwenye ufufuo wa wafu katika ungamo la imani sauti yangu inakatika. Nilitaka kujua kama yeye aliwahi kupita hapo. Alinishika bega. Kesho yake nilisoma swali langu katika kundi la jumuiya kwenye simu, likiwa limegeuzwa ombi: tumkumbuke ndugu yetu, msiba umemnyang'anya imani. Chini yake palikuwa na amina nyingi. Hakuna hata mmoja wa walioziandika aliyenipigia.

Yule mwenzangu bado namwamkia kanisani. Nimegundua kwamba hasira yangu si juu ya wanaoamini; Nakiete aliamini hadi mwisho, na sikuwahi kumwona akitangaza alichokabidhiwa na mtu.

Juma lililopita binti yetu, aliyekuja likizo, alikuwa akiosha vyombo nami nikivifuta. Akauliza akiwa amenipa mgongo: "Baba, wewe unaamini mama yupo mahali?"

Nilikuwa na majibu mawili mazuri, moja la mchungaji na moja la chuo. Yote mawili yangemnyamazisha.

"Sijui, mwanangu," nilisema. "Nami najiuliza kila siku."

Akasuuza sahani, akanipa. "Usimwambie mtu kama nimeuliza."

Nikamwambia simwambii mtu.

Ndiyo maana kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa. Alichukua siku mbili kufikiri, nami nilingoja.