Mkeka wa Mwanahawa

Nilipoanza kazi niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi, kwamba kenge akipita mahali ulipoketi, magamba yake humea kinenani mwako, kisha humhamia unayelala naye. Handeni nzima tuliamini hivyo. Nadhani hata kenge wenyewe walijua.

Siku ya kwanza, Daktari Mkuu wa utafiti alinikabidhi pikipiki na kibebeo, sanduku la baridi la kusafirishia dawa, zito kama ndama aliyeshiba.

"Una cheti cha shule ya jioni, utaelewa," alisema. "Dawa isipate joto. Mengine watafundishwa wauguzi."

Walipofundishwa, mimi nilikuwa Korogwe kufuata barafu.

Tulikuwa tunajaribu sindano ya soriasisi, ugonjwa unaofanya ngozi iwe nyekundu na kuwasha, ndio huo sisi tuliouita magamba ya kenge, kwa watu walioupata makwapani na sehemu za siri. Baadhi walidungwa dawa, baadhi maji matupu, na si mgonjwa wala muuguzi aliyejua nani kapata nini.

Kule Kwamsisi alikuwapo Hamisi, mkulima wa mahindi, ndoa yake bado mbichi. Kila nikimfuata kumpeleka kliniki aliuliza, "Mzee, nitapona kabla mke hajanichoka?"

"Utateleza kuliko kambale," nilimjibu.

Siku moja mkewe, Mwanahawa, alinifuata kwenye pikipiki.

"Shikamoo baba. Wewe ni mtu wa daktari. Huu ugonjwa wa mume wangu unahama?"

"Marahaba. Mwanangu, kunja mkeka wako mapema."

Akaukunja. Wiki ileile alirudi kwao Magoma.

Hamisi akapona. Alivaa kanzu, akaenda Magoma mara tatu kumrudisha. Mara ya tatu wakwe walimdai talaka, akaitoa. Alipokuja kupimwa mara ya mwisho, muuguzi alimsifia ngozi.

"Imepona kwa ajili ya nani, sista?" akamuuliza.

Sasa nimestaafu. Barafu niliyobeba ingefunika milima yote ya Usambara, lakini nikisikia pikipiki inaelekea Kwamsisi naingia ndani. Ninyi mnaoanza kazi hizi, mtu akiwauliza msilolijua, mjibuni kwamba hamjui.

Mimi nilijulishwa siku ya kuagwa. Tukiwa tunakula pilau nilisimulia, kwa majigambo, jinsi nilivyomwokoa binti wa watu. Muuguzi Msimamizi akaweka kijiko chini.

"Mzee," akasema, "soriasisi haiambukizi. Hata wangelala mkeka mmoja maisha yao yote."