Mikono ya Salma Usiipige

Siku ile haijanitoka, mwanangu Zaituni. Nilikuwa mdogo, hata shule sijaanza, na nyumbani kwetu Mazingara wanawake walikuwa wanasiriba nyumba kwa ajili ya Idi. Udongo mwekundu chini, mweupe juu, na kazi yote kwa viganja. Mama alikuwa amemaliza ukuta wa mbele, ule wanaouona wageni kwanza. Nami nikachovya mikono kwenye udongo mwekundu, nikaupaka juu ya ule mweupe mbichi, kuanzia mlangoni mpaka pembeni.

Mama akaenda kukata fimbo. Bibi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kudekeza watoto, akaishika ile fimbo na kumwambia, "Ukiipiga hiyo mikono ikaogopa udongo, mimi nikizeeka nani atanisiribia nyumba?" Kisha akanigeukia mimi, akanisema mpaka nikalia, akanisukumia udongo mweupe nipake upya mwenyewe.

Sasa tuje hapa Manundu, jana. Mwalimu wa chekechea kawaambia wazazi muwape watoto rangi, wapake kwa mikono. Haya. Ukakoroga uji wa ngano, ukatia binzari, ukamweka mjukuu wangu barazani, halafu ukaingia ndani na simu yako. Mtoto wa miaka miwili, Zaituni, peke yake na sufuria ya binzari. Natoka kuswali nakuta ukuta wa manjano, mlango wa manjano, mswala wangu niliouanika wa manjano, na mbuzi wa jirani analamba ukuta. Nilichoka, na mpaka sasa nimechoka. Binzari haitoki kwa sabuni yoyote, nimejaribu.

Lakini wewe ulipotoka ulimchapa viganja, kwa kazi uliyompa mwenyewe. Leo mchana nimemwekea Salma ugali na mlenda anaoupenda, akaficha mikono kwapani akasubiri kulishwa. Hilo limeniuma kuliko mswala. Nikamchukua nyuma ya nyumba, nikakoroga udongo kwenye karai, nikatia mikono yangu kwanza. Akanitazama, akatazama mlango usije ukatokea wewe. Kisha akatoa kidole kimoja.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukimpa mtoto rangi, kaa naye. Tandika gunia, mvue nguo, na wewe uchafuke. Akiharibu, mpe kitambaa afute, hata kama atazidi kupaka, nawe umalizie huku unanung'unika kama mimi. Mikono yake usiipige. Bibi yangu alizeeka kweli, na ni mimi niliyemsiribia ukuta kila Idi mpaka Mungu alipomchukua.

Mungu akujalie uzee mrefu, Zaituni, na ukifika huko mikono ya Salma iwe karibu yako, isiyoogopa kitu. Amina. Na ule mswala utaufua wewe.